Mgonjwa wa Mazoezi

Mume wangu ni daktari. Nalisema mapema kwa sababu watu wakimkuta dukani kwa binamu yake, aproni imejaa grisi, anauza plagi na minyororo ya pikipiki, huwa hawaamini, na mimi nimechoka kubishana na watu waliokuja kununua taa ya nyuma. Alizaliwa hapa. Akaenda kusoma nchi ya mbali, ambako hata ng'ombe hufungiwa ndani wakati wa baridi, akarudi na shahada yenye muhuri wa dhahabu. Baraza la madaktari likaipokea, likaigeuza huku na huku, likamwambia kwamba yeye ni mhitimu wa nje. Miaka yote aliyokaa kule walimwita mgeni, akavumilia kwa kuwa alijua ana kwao. Sasa yuko kwao na ni mgeni kwa barua rasmi.

Hakukata tamaa, hilo nampa. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akachora Njia. Ndivyo tunavyoiita nyumbani, Njia, utadhani duniani hakuna nyingine. Ni visanduku na mishale. Chuo kithibitishe shahada. Mtihani wa kuandika. Mtihani wa vitendo. Usaili wa kuingia mafunzo. Miaka ya mafunzo. Na juu kabisa, kwa wino mwekundu, sanduku kubwa kuliko yote: BINGWA WA MOYO. Aliibandika juu ya cherehani yangu kwa sababu ndio ukuta pekee usio na unyevu. Mimi ni fundi nguo. Wateja wangu wakipimwa kiuno huisoma Njia ya mume wangu, na wengine huniuliza amefika wapi, kama watu wanaoulizia basi lililochelewa.

Sanduku la kwanza tu lilitutoa jasho. Chuo chake kilikuwa kimebadilisha jina, kwa hiyo barua ya uthibitisho ilipokuja, Baraza likasema limeletewa barua ya chuo ambacho yeye hakusoma. Chuo kikaandika tena kueleza kwamba ni kilekile. Baraza likajibu kwamba hilo linapaswa kuthibitishwa na chuo cha zamani. Hayo yaliisha kwa sababu karani mmoja alikwenda likizo na aliyeshika nafasi yake hakujua kwamba kuna tatizo.

Mtihani wa kuandika alipasi kwa mara ya kwanza. Wa vitendo akaanguka.

Hapo ndipo alipoingia Ramani. Ramani alisoma chuo kimoja na mume wangu, mbele yake kidogo, na anaijua Njia kuliko wale walioitunga. Anajua sanduku gani lina mlango wa nyuma, karani gani wa Baraza hupokea simu na yupi huitazama tu ikilia. Wahitimu wa nje wote mjini humwendea yeye kwa ushauri. Yeye mwenyewe alianguka mtihani wa vitendo mpaka nafasi zikamwishia, na sasa anaendesha gari dogo la kusambaza mikate. Kinyozi hajinyoi. Huja kwetu akimaliza mzunguko wake, ananukia hamira, na haji mikono mitupu, kwa hiyo mama yangu humhesabu kuwa mtu wa maana.

"Ulipoingia kwa mgonjwa ulifanya nini?" alimuuliza mume wangu, siku ile ya majonzi.

"Nilinawa mikono."

"Ulisema kwamba unanawa?"

"Si walikuwa wananiona."

Ramani akamtazama kwa huruma. "Hawakuoni, ndugu yangu. Wameinamia karatasi. Pale usiposema, hujafanya. Ukimpima mgonjwa kimya kimya mpaka akapona, umeanguka. Ukisema ningempima, ningempa dawa, ningeita msaada, na mikono yako umeifunga nyuma, umepasi."

"Huo sio udaktari."

"Nani kakwambia ni udaktari? Ni mtihani."

Shida ni kwamba mume wangu alifundishwa na mzee mmoja mkali ambaye hakutaka mwanafunzi afungue mdomo mbele ya mgonjwa. Mikono kwanza, masikio yafuate, maneno mwisho. Mzee huyo aliwahi kumtoa nje ya wodi kwa kosa la kusema "naona". Sasa ilibidi asahau alichofundishwa na daktari ili akubaliwe na madaktari. Na mhitimu wa nje huruhusiwa kurudia mara moja tu. Akianguka tena, Njia inaishia sanduku la tatu, na grisi ya duka la binamu ndiyo itakuwa kazi yake ya kudumu.

Mazoezi yanahitaji mgonjwa. Mimi nilijaribiwa nikafukuzwa siku ileile, kwa kosa la kucheka. Ramani akajaribiwa, lakini kila akiulizwa anaumwa nini alikuwa akitaja na ugonjwa, na tiba, na ukurasa wa kitabu. Ndipo mama yangu, aliyekuwa chumbani kwake akisikiliza kila neno kama kawaida yake, alitoka na kutangaza kwamba ataumwa yeye.

Mama anaishi nasi tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Nusu ya mtaa huu wameshika penseli kwa mara ya kwanza mbele yake. Kila mwisho wa mwaka aliwatungia watoto mchezo wa kuigiza, na nafasi ya mfalme aliichukua mwenyewe, eti watoto hawana sauti. Tukaona tumepata mtu.

Ila mkwe ni mkwe. Mume wangu na mama yangu wanapendana, lakini ni mapenzi ya kupeana kikombe kwa mikono miwili huku kila mmoja anatazama pembeni. Tangu anioe hajawahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono, na hata huo humpa ameinamisha kichwa. Sasa ampime kifua? Afungue nini, ashike wapi? Mume wangu aliona haya mpaka masikio yakawaka, na mama akajitanda khanga ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ramani alifurahi sana. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe, shemeji," akaniambia. "Asimguse kabisa. Asimame mbali, aseme tu. Atazoea."

Akazoea. Mama anakaa kwenye kochi, mume wangu anatokea jikoni amevaa koti lake jeupe, anabisha hodi hewani. Mimi niko kwenye cherehani, ndimi Baraza. Muda ukiisha nagonga glasi kwa mkasi, na hapo mgonjwa hupona. Mama huinuka, hurekebisha kilemba, huagiza chai, kisha hutoa maksi. Kwa sheria ya nyumba hii hakuna ugonjwa ulioruhusiwa kuendelea baada ya glasi kulia.

"Sasa ningenawa mikono," mume wangu anasema, amesimama mbele ya kochi kama mwanakwaya. "Ningejitambulisha. Ningemhakikishia mgonjwa faragha. Ningeomba ruhusa ya kumpima kifua."

"Ruhusa umepewa," anasema mama, anazidi kujifunika.

Kwa muda mfupi mama aliugua kila kilichomo kwenye silabasi. Aliugua figo, akapata kifafa, akaishiwa damu. Alishika mimba mara mbili, na ya pili akajifungua mapacha ambao hawakuwemo kwenye maelekezo. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni maumivu ya kifua. Hapo alikuwa hazuiliki. Alishika kifua kwa mikono yote miwili, akazungusha macho, akasema maumivu yanateremka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho, akamwita marehemu baba yangu, akaniusia nisigombane na ndugu zangu, akaanza kugawa vyombo.

"Mama, maelekezo hayasemi ugawe vyombo."

"Maelekezo yameandikwa na mtu ambaye hajawahi kufa."

Mara ya kwanza jirani alikuja mbio, pembe ya khanga mdomoni, tayari kulia. Mara ya pili alichungulia dirishani. Baadaye akawa anagonga ukuta tu, tufe kwa sauti ya chini.

Na mume wangu akaiva. Ramani alikuwa akimsikiliza akitokwa na machozi ya furaha. Tabu ni kwamba alianza kuiva hata pale ambapo sikumhitaji aive. Nikimwambia mtungi wa gesi umeisha, ananiambia, "Ningeubadilisha." Namwambia basi badilisha. Anashtuka, anacheka, anakwenda. Bomba likivuja, angelikaza. Mwanzoni tulicheka wote. Baadaye nilikuwa nacheka peke yangu, na si kwa furaha, kwa sababu niliolewa na mtu mwenye mikono. Mikono ndiyo niliyoipenda kwanza. Alikuja kushonewa suruali akanitoa kipande cha sindano kidoleni kabla sijamaliza kulalamika. Sasa mikono ile ilikaa nyuma ya mgongo, kidole kimeshika kidole, inasubiri mdomo umalize.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, keshokutwa yake ni mtihani. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza na mguu wangu haukutoka kwenye kanyagio. Mama aliamka akisema tumbo limejaa gesi. Hakunywa chai. Mama yangu kukataa chai ilitosha kuwa habari, lakini mtu mwenye sare za kukabidhi hasikii habari. Ramani alikuwa jikoni anakata mkate. Kwa hiyo kumbuka, nyumba ndogo kama hii ilikuwa na madaktari wawili ndani yake.

Mume wangu akatokea na koti. "Mama, tufanye kifua mara ya mwisho?"

"Fanya upesi," mama akasema, akakaa.

"Karibu, Mama. Nikusaidie nini leo?"

"Sijisikii vizuri."

Mume wangu akangoja. Kwa kawaida hapo ndipo marehemu baba alipoitwa. Hakuitwa.

"Unaumwa wapi?"

"Hapa." Akagusa taya. Kisha akateremsha mkono chini ya matiti, kwenye chembe. "Na hapa. Na kichefuchefu."

"Ni kifua, Mama. Leo tunafanya kifua."

"Nimekwambia ni hapa na hapa."

"Maumivu yanakwenda mkono wa kushoto?"

"Hapana."

"Huwa yanakwenda, Mama."

"Leo hayajaenda."

Mume wangu akanitazama. Nikapandisha mabega. Niliona mama amechoka, na hata mwigizaji hodari huwa na siku yake mbaya. Yeye akaamua kumtia moyo, maana ni mtu mwema. "Lakini hilo jasho ni zuri sana," akamwambia. "Umejipaka maji? Hilo linaonekana la kweli kabisa."

Mama alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, macho nusu yamefumba.

"Mgonjwa anatoka jasho jembamba," mume wangu akaiambia cherehani yangu, yaani Baraza. "Ningeshuku tatizo la moyo. Ningempa aspirini aitafune. Ningeomba kipimo cha umeme wa moyo. Ningeita msaada wa haraka."

"Basi ita," mama akasema.

Tukacheka. Mimi na mume wangu, na Ramani kule jikoni na mkate wake. Tulidhani ananiiga mimi na mtungi wa gesi. Ulikuwa mzaha mzuri na tuliucheka kwa roho safi.

"Ningemhakikishia mgonjwa," akamalizia mume wangu, mikono nyuma, "kwamba yuko katika mikono salama."

Nikagonga glasi.

Mama hakuinuka.

Nikagonga tena. Hadi leo nikikumbuka huko kugonga mara ya pili, nasikia aibu mwili mzima, kwa sababu nilikuwa namkumbusha mama yangu muda kama mtoto aliyechelewa kurudisha daftari. Glasi ikalia vizuri kabisa. Kilemba kilikuwa kimemteleza hadi kwenye nyusi na hakukirekebisha.

"Muda umekwisha, Mama," mume wangu akasema taratibu.

Mama akafumbua jicho moja. "Wa nani?" akauliza.

Nilimwona mume wangu akigeuka rangi. Mdomo wake ukafunguka, ukasema "ninge", ukabaki wazi. Kisha ukafumba, na sikuusikia tena. Alipiga magoti mbele ya kochi, akamshika mama mkono, akamshika shingo, akatupa khanga zote mbili pembeni, akafungua vifungo vya gauni kwa vidole visivyotetemeka, akalaza sikio juu ya kifua cha mkwe wake. Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna aliyeona haya. Akaninyooshea kiganja bila kunitazama, na mimi, niliyesikia mtihani ule hadi nikauota, nikajua anataka nini. Aspirini zangu za kichwa hukaa kwenye kopo la vifungo.

"Tafuna, Mama, usimeze," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza.

Tulipiga simu ya gari la wagonjwa, tukaambiwa linakuja, kwa sauti ya mtu asiyekuja. Ramani alikuwa ameshatoka nje anatupa kreti za mikate barabarani. Tukamlaza mama nyuma ya gari juu ya magunia matupu ya unga. Nilipanda nikiwa bado na mkasi mkononi. Mama alifumbua macho mara moja njiani, akaangalia sakafu, akasema tusikanyage mikate iliyobaki.

Hospitali kubwa ina kitengo cha moyo, kilekile ambacho mume wangu amekichora juu ya cherehani yangu kwa wino mwekundu. Bingwa wa zamu alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, aliyevaa viatu vya mpira. Mume wangu alimweleza kwa sentensi chache sana. Yule dada akamtazama vizuri.

"Wewe ni nani?"

Nilingoja aseme. Alikuwa amelisubiri swali hilo, mahali hapo, kwa muda mrefu kuliko ndoa yetu.

"Mkwe wake," akasema.

"Nani kampa aspirini?"

"Mimi."

"Umefanya la maana. Ingekuwa bora zaidi kama mngewahi kidogo." Kisha akamwomba asubiri nje pamoja na ndugu wengine, na mlango ukafungwa. Mume wangu alisimama akiuangalia ule mlango. Mikono hakujua aiweke wapi.

Wakamzibua mama mshipa, na kesho yake alikuwa ameketi kitandani akimsahihisha muuguzi Kiswahili. Mume wangu alimwambia mama kwamba haendi kwenye mtihani. Alisema hastahili, na nilimwona anamaanisha. Sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inamwambia vizuri, usiende, baki na grisi yako. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mkasi wangu, na hasira na Baraza ambalo halikuwepo lakini lilikuwa limekaa sebuleni kwangu kwa miezi.

"Nimekufa mara ngapi kwenye lile kochi?" mama akamuuliza. "Halafu usiende? Mimi sikufa bure."

Akaenda. Jioni alirudi moja kwa moja wodini, bado na koti lake. Mama akamwuliza walimpa nini.

"Kifua," akasema.

"Mgonjwa alikuwa nani?"

"Bwana mmoja mnene. Mwigizaji wao."

"Hodari?"

"Alishika kifua kwa mikono miwili. Akasema maumivu yanateremka mkono wa kushoto."

"Na wewe?"

"Nilisema yote, Mama."

"Mikono?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Nyuma."

Majibu yalitoka mama akiwa ameshaturudia nyumbani, amerudishiwa kochi lake na kuzuiwa chumvi. Mume wangu alipasi, na kwenye kifua alipata maksi zote. Msahihishaji alimwandikia na maoni pembeni. Mama akaomba ayasikie, nikamsomea: "Mtahiniwa ana kipaji cha kutambua dharura mapema na kuchukua hatua bila kuchelewa."

Mama akaniomba karatasi, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe kama asomavyo insha anayojua kwamba imenakiliwa kwa jirani.

"Huyo bwana mnene kanishinda," akasema mwishowe. "Mimi nilisahau mkono wa kushoto."

Mume wangu akaingia jikoni, nikasikia bomba likimwaga maji kwa muda mrefu. Alikuwa ananawa mikono, na hakutangaza.

Ramani alileta mkate mtamu wa kusherehekea, na akaja na ushauri wa sanduku linalofuata. Usaili. Pale pana swali moja ambalo halikosekani, akasema: tueleze dharura uliyowahi kuishughulikia. Wanachukua wahitimu wa nje wachache sana, na anayesitasita hachukuliwi. "Lakini wewe una bahati, unayo hadithi," akamwambia. "Mama mkwe, nyumbani, huna kifaa hata kimoja. Ukatambua palepale. Aspirini, gari la mikate, kitengo chao chenyewe! Watakupa kiti usiku huohuo. Ila useme ulitambua palepale. Hilo palepale ndilo lenye maksi."

Mume wangu alimega mkate, hakuula. Baada ya Ramani kuondoka aliitazama Njia kwa kitambo. Mshale uliofuata ulikuwa mfupi tu, na kila alichokitaka kilikuwa ng'ambo yake, na la kumvusha ni neno moja la uongo ambalo hakuna mtu duniani angelijua isipokuwa watu watatu na muuza mikate.

Tukafanya mazoezi ya usaili palepale sebuleni. Mama alikataa kuwa mgonjwa, alisema amestaafu. Safari hii alikuwa mwenyekiti wa jopo. Akavaa miwani na kilemba cha harusini, akaweka kalamu nyekundu mbele yake. Mimi nikakaa na glasi na mkasi, ingawa ule mkasi niliushika kwa ncha za vidole tu. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha wateja wangu.

"Tueleze dharura uliyowahi kuishughulikia," mwenyekiti akasema.

Alianza vizuri, sauti kama ya msoma taarifa ya habari. "Mama mmoja wa makamo alinijia akiwa na dalili zisizo za kawaida. Licha ya kutokuwa na vifaa, nilitambua palepale..."

Mama akamtazama kwa juu ya miwani. Hakuwa na hasira. Ni yale macho aliyowatazamia watoto wa darasa la kwanza walipomwambia daftari limeliwa na mbuzi, akiwapa nafasi ya kufikiri kama kweli wana mbuzi.

Mume wangu akaanza upya, na sauti ya redio haikuwemo.

"Sikutambua," akasema. "Alinieleza vizuri sana. Alisema taya, akasema chembe, akasema kichefuchefu. Nikamwambia anakosea. Nilimsifu kwa jasho. Akaniambia niite msaada, nikacheka. Glasi ndiyo iliyotambua, mimi nilikuwa nasema tu. Kama ningemshika mkono tangu mwanzo ningejua, mkono wa mtu haudanganyi. Lakini nilikuwa naona haya, na nilikuwa nimeshazoea kutoshika. Nilikuwa na daktari mwenzangu jikoni na hata yeye alicheka." Akaliangalia kochi. "Angekufa mbele yangu, Mama, na mimi ningepata maksi zote."

Nilikuwa nalia, na sikujificha. Mama hakulia. Alichukua kalamu nyekundu, akaizungusha kidogo, akairudisha chini bila kuandika.

"Hiyo ni ya kweli," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nzuri. Umepata zote." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. "Sasa tuambie ile utakayowaambia wao."

Mume wangu alibaki amekaa. Muda ulikuwa umeshapita na mimi nilikuwa sijagonga glasi. Halafu aliinuka, akaizunguka meza, akachuchumaa mbele ya mwenyekiti wa jopo, akamshika mkono na kuweka vidole viwili juu ya mshipa, akakodolea macho saa ya ukutani.

"Hujasema unafanya nini," mama akasema. "Usiposema hujafanya. Na ulipaswa kwanza kuomba ru..."

"Nyamaza kidogo, Mama," mume wangu akamwambia. "Nahesabu."

Na mama yangu, ambaye hajawahi kunyamazishwa na mtu tangu nimjue, akanyamaza.